Taa nyekundu na maumivu: tunauziwa nini hasa?

Kama nyumbani kwenu yuko mtu anayelalamikia goti, mgongo au shingo kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda mmekwisha kushauriwa mnunue taa nyekundu. Sina maana ya ile ya barabarani inayotakiwa kusimamisha magari, ingawa nayo wengi wetu hatuiheshimu. Nazungumzia ubao uliojaa vitaa vidogo vya LED, au mkanda wa kufunga kiunoni wenye vitaa hivyo hivyo, ambao muuzaji anasema ukiuwasha dakika kumi hadi ishirini kila siku, maumivu sugu yatakwenda zake. Matangazo yake yamejaa kwenye simu zetu na bei yake si ya kitoto.

Wasikilizaji watatu wameniuliza: je, ni kweli au ni utapeli? Wote watatu wanataka jibu la neno moja. Jibu hilo sinalo, na nadhani tamaa ya kupata jibu la neno moja ndiyo iliyowaponza watu katika jambo hili tangu karne ya 19. Maana habari ya kutibu kwa mwanga wa rangi si mpya hata kidogo. Kila mara mwanasayansi alipofungua dirisha dogo, mfanyabiashara alijaribu kupitisha lori.

Tuanzie Philadelphia, Marekani. Huko alikuwako bwana mmoja aliyeitwa Jenerali Augustus Pleasonton, ambaye alijenga banda la kuoteshea mizabibu na kuchanganya vioo vya buluu na vioo vya kawaida kwenye paa. Zabibu zikastawi. Akafuga nguruwe chini ya vioo vya buluu, akasema nao wamenenepa. Mwaka 1876 akatoa kitabu kuhusu maajabu ya mwanga wa buluu, kikachapwa kwa wino wa buluu juu ya karatasi ya buluu. Mwaka uliofuata watu wa Marekani walikuwa wakigombea vioo vya buluu waviweke madirishani, wakae chini yake waondokewe na maumivu ya viungo. Jarida la Scientific American lilijitahidi kueleza kwamba kioo cha buluu hakiongezi chochote katika mwanga wa jua. Kinapunguza tu rangi nyingine. Homa ile ikapita baada ya muda si mrefu. Kwa hiyo tusidhani kwamba jambo hili lilianza na rangi nyekundu.

Rangi nyekundu ilipata heshima yake kwa mtu wa aina nyingine kabisa, na hapa naomba tukae kidogo. Niels Finsen alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Tórshavn, kwenye visiwa vya Faroe vinavyotawaliwa na Denmark, huko kaskazini ambako majira ya baridi jua ni la kuombwa. Alikuwa mtu wa maradhi tangu ujana wake, na labda ndiyo sababu alilifikiria jua kuliko wenzake. Alihitimu udaktari Copenhagen mwaka 1890. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1893, aliandika kuhusu ugonjwa wa ndui. Alisema mgonjwa wa ndui akiwekwa katika chumba ambacho madirisha yake yamezibwa kwa vioo au mapazia mekundu, vipele havitatunga usaha sana, na akipona makovu yatakuwa machache.

Wazo lenyewe lilikuwa na wazee wake. Katika karne ya 14 tabibu wa Uingereza, John wa Gaddesden, aliandika kwamba alimtibu mtoto wa mfalme kwa kumzungushia vitambaa vyekundu. Lakini Finsen alikuwa na hoja ya kisayansi. Alijua kuwa miale inayochoma ngozi ni ile ya upande wa buluu na zambarau, pamoja na ile isiyoonekana ambayo leo tunaiita ultravioleti. Kioo chekundu huizuia. Hebu liangalieni vizuri jambo hili, kwa sababu wauzaji wa leo hulipita haraka: kwa Finsen wekundu ulifanya kazi ya pazia. Hakudai kwamba rangi nyekundu inaingia mwilini na kuponya kitu. Alidai kwamba inafungia nje kinachodhuru.

Vyumba vyekundu vikaenea katika hospitali kadhaa za Ulaya. Mwaka 1904 madaktari wa hospitali za ndui London, waliokuwa na wagonjwa wa kutosha wa kuwalinganisha, waliripoti kwamba hawaoni tofauti. Mambo yakaishia hapo. Ndui yenyewe ilikuja kukomeshwa kwa chanjo, na mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Hakukuwa na pazia jekundu katika ushindi ule.

Sasa, kwa nini jina la Finsen linatajwa hadi leo katika matangazo ya taa hizi, tena likiambatana na Tuzo ya Nobel? Tuzo aliipata kweli, mwaka 1903. Lakini aliipata kwa kazi nyingine. Mwaka 1895 alianza kutibu kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila pua na mashavu ya watu mpaka wakajificha majumbani. Alitumia taa kali ya umeme, akaupitisha mwanga wake katika maji na lenzi ili kupunguza joto, kisha akaukusanya mahali padogo penye kidonda. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mhandisi aliyeitwa Niels Mogensen, na uso wake ulipona. Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye alikuwa binti wa Denmark, alisaidia taa hiyo ifike London Hospital mwaka 1900. Na mwanga uliofanya kazi hiyo ulikuwa ule wa upande wa buluu, zambarau na ultravioleti, yaani upande wa pili kabisa na wekundu! Kwa hiyo, msikilizaji, ukiona tangazo linalosema taa nyekundu ilipata Nobel mwaka 1903, ujue aliyeliandika hakusoma, au alisoma akanyamaza. Finsen mwenyewe alifariki mwaka 1904 akiwa na miaka 43 tu.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Battle Creek, Michigan, Dakta John Harvey Kellogg, wa ukoo ule ule ambao jina lake limeandikwa kwenye maboksi ya vyakula vya asubuhi, alitengeneza sanduku lililojaa balbu za umeme. Mgonjwa aliingia ndani, kichwa kikabaki nje, na balbu zikawashwa mpaka jasho likamtoka. Alilionyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na likapendwa na wenye uwezo. Hata meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912 ilikuwa na bafu la umeme la namna hiyo kwa abiria wa daraja la kwanza.

Je, lilisaidia maumivu? Nadhani lilisaidia kiasi, kwa sababu joto hulegeza misuli iliyokaza. Bibi zetu walijua hivyo walipokanda viungo kwa kitambaa cha maji ya moto. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Ile taa nyekundu ya joto uliyowahi kuiona katika chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini ni jamaa wa sanduku la Kellogg, na ni ndugu wa taa ya wafugaji wa vifaranga. Inafanya kazi kwa kuchemsha. Vitaa vya LED vinavyouzwa leo havitegemei joto. Ukisimama mbele yake huenda usihisi kitu, na muuzaji atakwambia ndivyo inavyotakiwa. Rangi inafanana, dai ni tofauti. Mtu aliyepata nafuu kwa taa ya joto asidhani amekwisha kuithibitisha taa ya LED.

Mtu aliyeipeleka tiba ya rangi majumbani kwa mpango wa kibiashara hasa ndiye anayenitia hofu kuliko wote. Dinshah Ghadiali alizaliwa Bombay mwaka 1873, akahamia Marekani, na mwaka 1920 akaanza kuuza kifaa alichokiita Spectro-Chrome. Kilikuwa sanduku lenye balbu kali na vioo vya rangi mbalimbali vya kubadilisha. Mgonjwa alitakiwa avue nguo, alale kichwa kikielekea kaskazini, na saa za kujimulika zipangwe kwa kufuata mwezi. Kila ugonjwa na rangi yake. Tukisikia leo tunacheka. Lakini wenye kisukari walihimizwa waachane na insulini, na wapo waliofanya hivyo wakafa. Kesi yake mahakamani Camden, New Jersey, ilimalizika mwaka 1947 kwa kutiwa hatiani na faini ya dola 20,000. Sanduku lile halikuchoma mtu wala kumpa sumu. Madhara yake yalikuwa kumfanya mgonjwa aache dawa iliyokuwa ikimweka hai. Naomba tulishike hilo, kwa sababu nitalirudia.

Baada ya aibu hiyo, mtu mwenye akili zake angesema hadithi ya mwanga wa rangi imekwisha. Haikuisha. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California, na mwanga wake ulikuwa mwekundu kwa kuwa ulitokana na jiwe la yakuti. Mwaka 1967, mjini Budapest, daktari mpasuaji Endre Mester alikuwa akichunguza uhusiano wa leza na saratani. Alinyoa manyoya ya migongo ya panya, akawamulika kwa leza dhaifu. Hawakupata saratani. Lakini manyoya yao yaliota haraka kuliko ya wenzao ambao hawakumulikwa. Mester hakukimbilia sokoni. Alirudia majaribio, kisha akaendelea na vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Hili, ndugu zangu, lilikuwa dirisha la kweli.

Kwa muda mrefu mambo yalibaki kwenye leza, kifaa cha gharama kinachoshikwa na mtaalamu. Kilichoyaleta nyumbani ni viazi, na sisemi mzaha. Wanasayansi walitaka kuotesha mimea angani bila taa zinazokula umeme na kutoa joto jingi, wakatengeneza mataa ya LED nyekundu. Mwezi Oktoba 1995 chombo cha Columbia kilikwenda angani na majani ya viazi, yakazaa viazi vidogo huko huko. Wakati huo huo Dakta Harry Whelan wa Wisconsin alianza kuzijaribu taa za namna hiyo kwenye vidonda, kwa fedha za NASA. LED zikaendelea kushuka bei, viwanda vikaingia, na leo kila ubao unauzwa kama teknolojia ya NASA, kana kwamba wanaanga hurudi duniani na ubao mmoja mmoja kwapani.

Sasa tuseme ukweli wote, hata ule usiopendeza upande wa wanaobeza. Wapo wataalamu makini wanaoeleza kwamba miale myekundu, na ile ya infraredi iliyo jirani yake ambayo haionekani kwa macho, hunaswa na kimeng'enya kilicho ndani ya mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nguvu katika chembe za mwili. Maelezo hayo yalijengwa tangu miaka ya 1980, na mtafiti Tiina Karu wa Urusi ana sehemu kubwa. Bado yanabishaniwa, lakini si hadithi za mwezi na kaskazini. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yaliyohusu watu 820 wenye maumivu ya shingo, na wale waliomulikwa kwa leza hafifu walipata nafuu kuliko waliomulikwa kwa taa ya kuzugia isiyotoa kitu. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja leza hiyo miongoni mwa njia zinazoweza kujaribiwa kwa maumivu sugu ya kiuno, ingawa kilisema wazi kuwa ushahidi wake ni wa kiwango cha chini. Na kwa vidonda vya mdomoni vinavyowapata wagonjwa wa saratani wakiwa kwenye matibabu, ushahidi ni mzuri zaidi kuliko huo.

Basi si tununue? Polepole. Waliopata nafuu kwenye majaribio yale ya shingo walimulikwa kwa leza, ikishikwa na mtu aliyefundishwa, mahali palipochaguliwa, kwa kipimo kilichohesabiwa. Wewe unauziwa ubao wa LED wa kutundika ukutani. Mwanga hupungua kadiri unavyosogea mbali, na mwanga mwekundu unaoonekana hauendi ndani sana ya ngozi. Ule wa infraredi huenda zaidi kidogo. Nyonga iko mbali mno chini ya nyama. Wataalamu wenyewe wanasema kipimo kikiwa kidogo hakuna kitu, na kikizidi faida inapotea tena. Kwa hiyo kuchukua matokeo ya leza ile na kuyabandika kwenye ubao huu ni sawa na kusema dawa ya sindano inafanya kazi, kwa hiyo nusa chupa yake.

Yako pia maneno ya kuidhinishwa. Utaona tangazo likijivunia idhini ya mamlaka ya dawa ya Marekani. Vifaa vingi vya aina hii hupita mlango mwepesi, ambapo mtengenezaji huonyesha tu kwamba kifaa chake kinafanana vya kutosha na kingine kilichokwisha kuruhusiwa sokoni. Si sawa na kupimwa kama dawa mpya.

Tena maumivu sugu yana tabia yake. Hupanda na kushuka. Mtu hafungui pochi siku goti limetulia. Hulipia siku limemkosesha usingizi, na baada ya siku ya namna hiyo mara nyingi hufuata nafuu, taa iwepo isiwepo. Ndiyo maana majaribio ya haki huwa na taa ya kuzugia. Ushuhuda wa jirani, hata awe mwaminifu kama nini, hauna taa hiyo.

Dada yangu mkubwa ana magoti yaliyochakaa kwa miaka mingi, naye aliniuliza, "Wewe unayesoma soma, niinunue nisiinunue?" Nilimpigia muuzaji kwa niaba yake. Nikamuuliza taa inatoa miale ya nanomita ngapi, maana majaribio mengi yametumia kati ya 630 na 660 kwa nyekundu na kati ya 810 na 850 kwa infraredi. Akaniambia ni nyekundu kabisa, mzee. Nikamuuliza nguvu yake ikoje ukiwa umbali wa sentimita 15. Akaniambia ni kali sana. Nikamuuliza kama ataipokea ikirudishwa baada ya wiki nne bila nafuu. Simu ikakatika, labda ni mtandao.

Nilimwambia dada hivi. Kama fedha hizo ni za ziada, na muuzaji mwingine anaweza kujibu maswali hayo matatu, taa haiwezi kumdhuru sana ilimradi asiikodolee macho, asiiweke juu ya uvimbe au alama ya ngozi asiyoijua, na amuulize daktari kwanza kama anatumia dawa zinazofanya ngozi isivumilie mwanga. Lakini kama ni fedha za ada, au za kununua dawa zake za presha, asithubutu. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito yana ushahidi mkubwa zaidi kwa goti kuliko taa yoyote, na hayakatiki umeme ukikatika. Hakufurahi. Alitaka kitu cha kuchomeka ukutani.

Na lile nililosema nitalirudia ni hili. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, kukonda, kuamshwa usiku, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo hayatakiwi kumulikwa. Yanatakiwa kupelekwa hospitali, na yale ya ganzi na mkojo yapelekwe siku hiyo hiyo. Katika nchi zetu kifua kikuu bado kinaingia kwenye uti wa mgongo, na kinatibika kwa vidonge kikigunduliwa mapema. Mgonjwa wa namna hiyo akikaa miezi miwili mbele ya ubao mwekundu akisubiri nafuu, anaweza kuishia kwenye kiti cha magurudumu. Kama yuko mtu nyumbani kwenu mwenye dalili hizo, hata moja, mwondoeni mbele ya taa leo hii.